Habari ya Mbegu na Mvua Chache
Maneno ya Halmashauri katika Mkutano wa Mwaka, Nkubu



Hesabu ya fedha mmekwisha kuisikia. Sasa twaomba ruhusa kunena habari ya mashamba, nasi twaanza kwa kukiri kosa letu. Mbegu ya mahindi tuliyowakopesha wanachama wa upande wa chini, kuelekea Mitunguu, ilikuwa ile ya milimani, ikawiayo miezi sita na zaidi. Hapa Nkubu penye kahawa na migomba yaweza kukomaa. Kule chini mvua ilikatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yatoa mbelewele. Wenzetu wakavuna mabua.

Wala jambo hili si la msimu mmoja. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika sehemu kame za Kenya.

Wazee wajua kwamba mahindi ni mgeni kwetu. Babu zetu walikula uwele, mtama, wimbi na viazi vikuu. Mtama ukikosa maji hukunja majani na kungoja, na mvua irudipo huendelea kukua. Mahindi hayana subira hiyo wakati wa kutoa maua. Mbaazi nazo mizizi yake hushuka chini sana kutafuta unyevu. Asiyeweza kuacha ugali wa mahindi (nasi tu miongoni mwao) na apande Katumani, iliyopatikana huko Machakos katika miaka ya 1960, ikomaayo kwa muda wa miezi mitatu au zaidi kidogo.

Mama mmoja alituuliza: nani ataamia ndege? Ni swali la haki. Zamani watoto walikaa juu ya dungu na makombeo yao. Leo wako shuleni, nasi hatutawatoa huko. Mtama mwekundu hauliwi sana na ndege kwa ukali wake, lakini walaji nao hunung'unika. Twaona heri majirani wapande siku moja, watu wazima washike zamu.

Tena mtu asilime kwa kutegemea bia tu. Mwaka 2013 serikali ilipoongeza ushuru wa bia ya mtama, mauzo ya bia hiyo yalianguka, na wakulima wakakosa soko.

Basi twaomba mkutano ukubali kufuta deni la mbegu la wanachama wale, na kabla ya mvua za Oktoba kila mmoja apewe vibaba viwili vya mtama na kimoja cha mbaazi, arudishe mara mbili akivuna. Apingaye na asimame, tumsikie.