Maji yenye Javel: tuyaweke katika chombo gani?

Leo tutaongea juu ya vyombo vya nyumbani. Wengi wenu munatia Javel ndani ya maji ya kunywa, zaidi wakati wa kolera. Ni vizuri. Lakini mama anaweza kutia Javel kila siku, na watoto wake wakaendelea kuhara. Sababu gani? Tuangalie ndoo yake.

Javel inaua vijidudu, lakini inakula chuma pia. Ukiitia ndani ya ndoo ya chuma ao sufuria ya alumini, chombo kinaanza kuharibika. Chuma kinashika kutu, kiisha kinatoboka. Tena, nguvu ya Javel inaishia mule kwenye chombo, na vijidudu vinabaki vizima. Mama anafikiri maji ni safi, kumbe dawa imekwisha!

Basi, chombo gani kinafaa? Ni bidoni ya plastiki. Javel haili plastiki, na plastiki haimalizi nguvu ya Javel. Chagua bidoni yenye mdomo mdogo, ili mtoto asiingize mkono, na yenye haijawekwamo mazuti wala dawa ya shamba. Maji yakiwa na matope, yachuje kwanza na kitambaa safi. Tia Javel kwa kipimo chenye munganga alikuonyesha, funika, tikisa, ngojea dakika 30. Chupa ya Javel iwekwe mahali pa kivuli, mbali na watoto, kwa kuwa jua linaipunguza nguvu.

Na sufuria, tuzioshe na nini? Sabuni ya kawaida na maji safi vinatosha. Suuza, panguza, anika juani. Maji ya chumvi yasilale ndani ya chombo cha chuma, yanaleta kutu. Ndimu, nyanya na maji ya majivu visilale ndani ya sufuria ya alumini, vinaikula. Na hata siku moja usichanganye Javel na ndimu wala siki: inatoka hewa ya sumu.

Mukumbuke, wamama: maji ya Javel kwa plastiki, sabuni kwa chuma. Na mtoto akihara, musimwachishe ziwa. Mumupe maji ya dawa ya kuhara, kidogo kidogo, na mumulete kwetu upesi.