Tuijue Mashine ya Kunyoosha Mbao Kabla ya Kutoa Fedha



Leo tuzungumze juu ya mashine ya kunyoosha mbao. Wengi wetu tuna karakana ndogo nyumbani. Tunatengeneza milango, meza na vitanda. Umeme umefika vijiji vingi, nasi tunatamani mashine. Ni jambo jema. Lakini mashine hii yaweza kula akiba ya mwaka mzima, na kwa asiyeijua, yaweza kula vidole pia.

Kwanza, tujue kazi yake. Mbao za msindano mara nyingi huuzwa mbichi. Zikikauka hupinda. Mashine hii hunyoosha uso mmoja wa ubao, kisha ubavu mmoja, mpaka uso na ubavu vifanye pembe mraba. Basi. Haisawazishi unene. Hiyo ni kazi ya mashine nyingine. Zipo zinazofanya kazi zote mbili, lakini hebu tumwombe mwuzaji arande ubao mmoja, tuone wenyewe.

Pili, tutazame urefu wa meza. Visu viko katikati ya meza mbili, ya kuingizia na ya kutolea. Meza fupi hufuata mabonde ya ubao, kama baiskeli inavyofuata mashimo ya njia. Meza ndefu hukata vilima tu. Kwa kawaida ubao usizidi mara mbili ya urefu wa meza zote mbili pamoja. Kwa hiyo fundi wa fremu za milango za mita 2 atafute meza zenye mita 1 au zaidi. Visu navyo vilingane na upana wa mbao zetu: ubao wa inchi 8 hautoshi kwenye visu vya inchi 6.

Tatu, tupime. Tulaze rula ndefu ya chuma juu ya meza. Je, mwanga unapenya chini yake? Basi meza imepinda. Tuiache hapo hapo dukani, hata kama rangi yake inang'aa. Meza ya kutolea iwe sawasawa na ncha za visu zikiwa juu kabisa.

Nne, tusome kibati cha mota. Mashine ya umeme wa njia tatu haifanyi kazi kwa umeme wa kawaida wa nyumbani wa volti 230.

Tano, tulinde mikono. Mashine isiyo na kinga ya visu tusinunue, eti kwa kuwa ni rahisi. Tusirande kipande kifupi kuliko sentimita 30. Tusukume kwa kibao cha kusukumia, si kwa kiganja. Tusivae glavu wala nguo zinazoning'inia. Kabla ya kugusa visu, tuchomoe waya wa umeme.

Je, asiye na fedha afanyeje? Asikate tamaa. Randa ndefu ya mkono, yenye inchi 22 hivi, hunyoosha ubao vizuri kabisa. Haidai umeme. Inadai kisu kikali na jasho. Mwenye mbao chache kwa juma inamtosha, na akiba yake itanunua mbao.

Ndugu zetu, kuuliza si ujinga. Tuulize, tupime, ndipo tutoe fedha.