Tuchague Masomo Kabla Mlango Haujafungwa



Tunasema na wazee wa Mji Mkongwe na wa mashamba: masomo ya Kidato cha Tano ndiyo ufunguo wa chuo kikuu. Atakaye udaktari hana budi kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Akichukua Historia kwa kumfuata rafiki, mlango huo kaufunga mwenyewe, hata akiongoza skuli nzima. Hatuidharau Historia, walimu na wanasheria wetu hutoka huko.

Zamani vijana wetu walivuka bahari kwenda Makerere. Tangu sheria ya 1999 tunacho chuo kikuu chetu, SUZA, nacho kinasomesha udaktari hapa hapa Unguja. Je, tuvikose viti vyake kwa fomu iliyojazwa ovyo?

Wazee, kaeni na watoto wenu. Ulizeni kwanza chuo kinataka nini, ndipo mchague.