Mikono ya Haruni na Huri

Jumapili ya 29 ya Mwaka C
Masomo: Kut 17:8-13; 2 Tim 3:14–4:2; Lk 18:1-8



Katika Injili ya leo Bwana wetu atupa mfano wa mjane aliyedhulumiwa, na wa kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu. Mjane huyo hakuwa na fedha ya kumpa kadhi, wala mume wa kumsemea, wala ukoo wenye sauti katika mji. Alichokuwa nacho ni miguu ya kurudi. Alikwenda akafukuzwa, akarudi akafukuzwa tena, hata mwisho aliyechoka akawa kadhi mwenyewe. Mwinjili Luka atuambia wazi kwamba mfano huu ni fundisho la kusali bila kukata tamaa, nasi twaupokea hivyo.

Lakini Kanisa, kwa hekima yake, limeuweka mfano huu pamoja na somo la kitabu cha Kutoka. Humo twamwona Musa juu ya kilima, ameinua mikono huku watu wake wakipigana na Waamaleki. Musa alikuwa mtu wa Mungu, lakini mikono yake ilikuwa ya nyama na mifupa, nayo ikawa mizito. Ndipo Haruni na Huri walipomletea jiwe akaketi, kisha wakasimama mmoja upande huu na mwingine upande huu, wakaitegemeza mikono yake mpaka jua likachwa.

Tukiyasoma masomo haya mawili pamoja, swali moja latujia. Mjane wa Injili alipokuwa akirudi nyumbani jioni bila jibu, ni nani aliyemtegemeza asikate tamaa? Musa alikuwa na Haruni na Huri. Mjane alikuwa na nani? Leo tungependa kulitafakari swali hilo kwa msaada wa mambo yaliyotendeka katika mji mmoja ulio mbali nasi, yaani São Paulo, mji mkubwa kuliko yote ya nchi ya Brazil.

Wakuu wa jeshi waliitwaa serikali ya Brazil mwaka 1964, wakaitawala nchi hadi mwaka 1985. Mwezi wa Desemba 1968 walitoa amri iliyowaondolea watuhumiwa wa mambo ya siasa haki ya kudai wafikishwe mbele ya hakimu. Tangu hapo mtu aliweza kukamatwa nyumbani au kazini, na jamaa zake wasijue yuko wapi. Mama alikwenda kituo cha polisi kumtafuta mwanawe, akaambiwa kwamba hayupo. Alikwenda kambi ya jeshi, akaambiwa kwamba hajulikani. Wengine walirudishiwa maiti, na wengine hawakurudishiwa kitu chochote.

Askofu Mkuu wa São Paulo tangu mwaka 1970 alikuwa Mfransisko, Paulo Evaristo Arns, aliyefanywa Kardinali mwaka 1973. Jamaa za waliokamatwa walianza kubisha mlangoni kwake. Mwaka 1972 aliwaita walei kadhaa, akaunda pamoja nao Tume ya Haki na Amani ya jimbo lake. Papa Paulo VI alikuwa ameanzisha tume ya namna hiyo Roma mwaka 1967, na kutokana na mbegu hiyo zimezaliwa pia Tume za Haki na Amani katika majimbo yetu ya Afrika ya Mashariki.

Mwenyekiti wa kwanza wa Tume ile alikuwa profesa wa sheria, Dalmo Dallari. Walikuwamo mawakili, na baadaye mwendesha mashtaka Hélio Bicudo. Alikuwamo pia mama mmoja asiye mwanasheria, Margarida Genevois, aliyeitumikia Tume kwa miaka zaidi ya ishirini, akawa mwenyekiti wake. Hao wote walijitolea. Walikuwa na kazi zao na watoto wao wa kulea, na saa walizowapa wenye kuonewa walizitoa katika usiku wao na katika mapumziko yao.

Je, walifanya kazi gani? Wapendwa, tukiisikia tume ya haki za binadamu ikitajwa, twaweza kudhani ni jambo la hotuba na mikutano mikubwa. Sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kuketi na kusikiliza. Mtu alieleza habari zake, nao wakaandika: jina la aliyekamatwa, siku, saa, mahali, nani aliyeona. Kisha walikwenda kuuliza, wakajibiwa kwamba hakuna habari, wakarudi kuuliza tena. Mwaka 1974 Kardinali mwenyewe alikwenda mji mkuu, Brasília, pamoja na jamaa za waliopotea, akapeleka majina yao kwa wakuu wa serikali. Hawakurudishiwa ndugu zao. Lakini majina yalikwisha kutamkwa mbele ya wenye mamlaka, wala hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuambiwa.

Katika mji huo alikuwako mjane ambaye habari zake zaufafanua mfano wa Injili kuliko maneno yetu. Mumewe, Vladimir Herzog, alikuwa Myahudi na mwandishi wa habari, mkuu wa habari katika televisheni ya umma ya mji huo. Aliitwa na upelelezi wa jeshi, naye akaenda kwa miguu yake mwenyewe asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1975. Siku ile ile akafa mle ndani. Wakuu wa jeshi walisema kwamba amejiua. Rabi kijana, Henry Sobel, alikataa asizikwe katika sehemu ya makaburi waliyotengewa waliojiua, na kwa kukataa huko watu wote wakaelewa kwamba rabi hayasadiki maneno ya jeshi.

Tarehe 31 Oktoba Kardinali Arns alifungua Kanisa Kuu kwa ibada ya kumwombea marehemu. Polisi waliweka vizuizi katika barabara za mji, hata hivyo walifika watu wapatao 8,000. Mbele ya altare walisimama pamoja Kardinali, rabi Sobel, na mchungaji wa Kipresbiteri, Jaime Wright. Mchungaji huyo alikuwa na jeraha lake mwenyewe, kwa maana mdogo wake, Paulo, alikamatwa mwaka 1973 wala hakuonekana tena.

Mjane wa Herzog, Clarice, alikwenda mahakamani mwaka 1976. Hakudai fedha. Alitaka mahakama itamke kwamba dola ndiyo yenye kuwajibika kwa kifo cha mumewe. Mawakili walikubali kuibeba kesi hiyo katika siku ambazo kuibeba kulikuwa hatari. Hakimu wa kwanza alipokuwa karibu kusoma hukumu mwaka 1978, alizuiwa kwa amri kutoka juu, kisha akastaafu. Faili likamwangukia hakimu kijana, Márcio José de Moraes. Yeye hakuwa kama kadhi wa Injili. Tarehe 27 Oktoba 1978, ile amri ya mwaka 1968 ikiwa bado na nguvu, alitamka kwamba dola ina wajibu juu ya kifo hicho.

Hata hivyo mjane hakuwa amefika mwisho wa safari. Cheti cha kifo cha mumewe kilirekebishwa mwaka 2013 tu, kikaeleza kwamba alikufa kwa mateso aliyotendewa katika nyumba ya jeshi. Na mwaka 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliihukumu Brazil kwa kutowachunguza wala kuwaadhibu waliohusika. Hesabuni wenyewe, wapendwa: tangu mwaka 1975 hadi mwaka 2018 ni miaka 43. Ni mikono gani isiyochoka katika miaka 43, ikiwa hapana wa kuitegemeza?

Basi hapo ndipo tunapoiona kazi ya Haruni na Huri. Wao hawakuwa Musa. Hakuna aliyewapa fimbo ile iliyoigawa bahari. Walimletea mchovu jiwe la kuketia, kisha wakasimama karibu naye mpaka jioni. Wanatume wa São Paulo vilevile hawakuwa na jeshi wala mamlaka ya kumfungulia mfungwa hata mmoja. Walimpa mwenye kuonewa mahali pa kuketi, wakaliandika jina la mpendwa wake, wakaenda pamoja naye.

Tena kazi hiyo ina gharama yake. Usiku wa tarehe 2 Julai 1980 profesa Dallari alitekwa njiani, akapigwa na kujeruhiwa kwa kisu. Kesho yake Papa Yohane Paulo II aliadhimisha Misa katika mji ule, naye Dallari alikuwa ameteuliwa kusoma somo. Alipelekwa akiwa na majeraha yake, akalisoma Neno la Mungu mbele ya umati. Mtume Paulo, katika somo la pili la leo, amhimiza Timotheo alihubiri Neno, wakati ukifaa na usipofaa. Kwa kusoma tu, profesa yule alikuwa amekwisha kuhubiri.

Ndugu wapendwa, hadi hapa pengine wote twakubaliana. Ni rahisi kumsifu anayemtetea mwandishi wa habari asiye na hatia. Sasa tufike mahali pagumu zaidi. Tume ile haikuwatetea wasomi na wanasiasa peke yao. Hélio Bicudo tangu mwaka 1970 alikuwa amewashitaki polisi waliounda kundi la kuua, nao waliouawa walikuwa wengi wao maskini waliodhaniwa kuwa wezi. Utawala wa jeshi ulipokwisha mwaka 1985, wateteaji wa haki waligeuza macho kuwaelekea wafungwa wa kawaida waliopigwa katika vituo vya polisi, na vijana wa mitaa ya mabanda waliouawa bila kufikishwa mahakamani. Hapo watu wengi wa mji ule walinung'unika. Walisema kwamba haki za binadamu zimekuwa haki za majambazi. Wengine waliokuwa wamewashangilia watetezi hao jana, leo waliwageuzia kisogo.

Manung'uniko hayo si mageni masikioni mwetu. Katika miji yetu nasi tumesikia kelele ya "Mwizi! Mwizi!", tukajua kinachofuata, mawe na tairi na petroli. Aliyeuawa hana tena nafasi ya kueleza kwamba wamemfananisha, na hata kama aliiba, sheria ya nchi haisemi aliyeiba kuku achomwe moto. Wazee wetu walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Walijua kwamba haki si zawadi tunayowapa watu wema kwa sababu ya wema wao. Ni mali ya kila aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na Bwana wetu mwenyewe alikufa kati ya wahalifu wawili, akihesabiwa kuwa mmoja wao.

Basi, tufanye nini? Wengi wetu hujitetea tukisema kwamba sisi si wanasheria. Mama Margarida hakuwa mwanasheria. Katika parokia zetu yuko mjane aliyefukuzwa na shemeji zake katika shamba alilolilima na mumewe. Yuko msichana wa kazi za nyumbani ambaye miezi inapita bila mshahara, na akidai huambiwa kwamba ameiba. Yuko mzazi ambaye mwanawe amewekwa rumande, wala hajui ni kwa kosa gani. Hao huja kanisani pamoja nasi, wakasali, wakarudi nyumbani na mzigo wao, kwa kuwa hakuna aliyewauliza.

Kila jumuiya ndogondogo yaweza kupata watu wawili, Haruni na Huri wake. Mmoja awe na daftari na kalamu, aandike kwa uangalifu yale aliyoambiwa, jina na siku na mahali, bila kuongeza wala kupunguza. Mwingine amsindikize mwenye shida ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, au kituo cha polisi, au mahakamani, kwa maana mtu mwenye kusindikizwa hajibiwi kama mtu aliye peke yake. Wayatunze pia yale waliyoambiwa kwa siri. Na wakiambiwa waje kesho, waende kesho.

Hatuwaahidi kwamba watashinda kila mara. Mchungaji Wright hakuuona mwili wa mdogo wake. Ndiyo sababu Injili ya leo haiishii kwenye ushindi wa mjane, bali kwenye swali la Bwana, kama Mwana wa Adamu atakaporudi ataikuta imani duniani. Twadhani imani anayoitafuta ni pamoja na hii ya kuendelea kubisha mlango uliofungwa, kwa ajili ya mtu ambaye hata si ndugu yetu.

Tuombe. Ee Mungu, mtetezi wa wajane na baba wa yatima, uwakumbuke wote wanaongoja haki leo nyuma ya milango iliyofungwa. Uwalipe wale waliochoka kwa ajili yao. Utuondolee uvivu na woga, ili mikono ya jirani zetu inapokuwa mizito, ikute mikono yetu karibu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.