Kazi ya Mkubwa Hupimwa Siku Asipokuwapo



Sisi tulio makarani wa hospitali hatufungi vidonda wala hatupigi sindano, lakini orodha za zamu, barua za likizo na vitabu vya dawa hupita mezani petu. Kwa hiyo tumeliona jambo moja: wauguzi wanaofanywa wakubwa wa wodi wamefundishwa sana kuuguza, lakini ni wachache waliofundishwa kuongoza.

Desturi ni hii. Muuguzi akiwa hodari na mwaminifu hupandishwa cheo. Jana aliangalia wagonjwa wake. Leo ana wauguzi wenzake chini yake, tena vitanda, mashuka, dawa, na manung'uniko ya jamaa za wagonjwa. Hapewi mafundisho, hupewa funguo. Basi hufanya analolijua, yaani kila kazi kwa mkono wake mwenyewe.

Twakumbuka wodi moja katika hospitali tusiyoitaja. Mkubwa wake alikuwa mama wa bidii nyingi, asiyemwamini mtu kushika ufunguo wa kabati la dawa za maumivu makali. Siku moja aliitwa msibani kwa ghafula, akaenda na ufunguo mfukoni. Usiku ule mzee mmoja aliyepasuliwa mchana aliugua kwa maumivu hata alfajiri, na dawa yake ilikuwa hatua kumi kutoka kitandani. Kulipokucha kila muuguzi alisema hakuambiwa la kufanya. Na kweli hakuambiwa. Hapakuwa na mvivu wala mwovu katika wodi ile. Palikosekana mpango.

Jambo hili si geni. Bibi Florence Nightingale, aliyekwenda Scutari, nchi ya Uturuki, mwaka 1854 pamoja na wanawake 38 kuwauguza askari wa Uingereza, alitoa kitabu juu ya uuguzi mwaka 1859. Humo alitenga sura nzima kueleza jinsi ya kupanga kazi isiharibike mwenye madaraka akiwa hayupo. Mwaka 1860 shule yake ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas', London, na baadhi ya waliotoka humo wakaenda kuwaongoza wauguzi wa hospitali nyingine. Na mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni, lilipohesabu wauguzi wapatao milioni 28 duniani, lilizihimiza serikali kuwakuza viongozi miongoni mwao.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, muuguzi asipewe wodi kabla hajafanya kazi ya ukubwa chini ya mzoefu: apange zamu, ahesabu dawa, aongoze mkutano, kisha aelezwe kwa upole alipofaulu na alipokosea. Pili, kila mkubwa awe na naibu ajuaye yote, na ufunguo ukabidhiwe kwa sahihi. Tatu, zamu zipokezane kitandani pa mgonjwa, si mlangoni kwa haraka. Nne, mkosaji aonywe faraghani. Anayeaibishwa mbele ya wagonjwa hujifunza kuficha makosa, na kosa lililofichwa humdhuru mgonjwa.

Wako wasemao kwamba uongozi ni kipawa cha kuzaliwa nacho. Twajibu: hakuna aliyezaliwa akijua kupanga zamu. Wengine huogopa kwamba naibu aliyefundishwa vyema atawanyang'anya kiti. Hao twawaambia ya kuwa asiye na wa kumshikia kazi hana likizo wala usingizi.

Wahenga walisema, paka akiondoka, panya hutawala. Lakini sisi twasema, wodi iliyoongozwa vema haimngoji paka. Nasi makarani tunaopiga chapa barua za vyeo, tukumbushe wakubwa wetu kwamba barua pekee haimfanyi mtu kiongozi. Yule mzee hakuhitaji muuguzi hodari zaidi usiku ule. Alihitaji ufunguo uliokabidhiwa.