Mita Moja, Familia Sita

Msikilizaji, Kianyaga iko Gichugu, chini ya Mlima Kenya, na mito Thiba na Nyamindi hupita eneo hilo ikielekea mashamba ya mpunga ya Mwea. Mtu wa huku akiambiwa apunguze maji, hushangaa. Lakini mto wa mlimani nao hupungua wakati wa kiangazi, na kuyasafisha maji na kuyafikisha bombani kuna gharama.

Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, bei za kampuni za maji huidhinishwa na Wasreb, bodi inayodhibiti huduma za maji. Utaratibu wake ni wa ngazi: uniti za mwanzo huwa nafuu, na kila anayezidisha hulipa zaidi kwa kila uniti. Nia ni njema. Mwenye kumwagilia bustani amsaidie mwenye kuteka ndoo mbili.

Tazama sasa ploti ya kupanga, familia sita kwenye mita moja. Kila nyumba inabana matumizi, lakini mita inajumlisha yote, na bili inapanda hadi ngazi ya tajiri. Mama anayefulia kwenye karai analipa bei iliyokusudiwa kumzuia mwenye bustani. Hilo si haki, na dawa yake inajulikana: mita kwa kila nyumba, au bei nafuu ihesabiwe kwa idadi ya familia.

Tena, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za Kenya hayalipiwi, mengi yakivuja au kuibwa. Kampuni zizibe mabomba yake kwanza, ndipo zimwambie mama huyo abane mfereji.