Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

(Haya ni maneno ya mwalimu mmoja wa kazi ya video. Aliyasema mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia waliokuwa wakifikiria kuwasomesha vijana wao kazi hiyo. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Nimeombwa niseme juu ya kusomea kazi ya kuhariri video. Najua kwa nini mmeniita. Mmeona vijana wakilipwa kupiga picha za harusi, matanga na harambee, na sasa mnauliza: je, tutoe pesa za kikundi, tununue kompyuta, tuwapeleke watoto wetu wasome? Kabla sijajibu, wacha niwaeleze kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, kikundi kimoja cha akina mama kiliniletea vijana watano. Walilipa karo ya miezi mitatu. Pesa hizo zilitoka kwa mboga na mayai, si mchezo. Mimi nikafundisha vile nilivyofundishwa: bonyeza hapa, sasa bonyeza pale, kitufe hiki hukata, kile hurudisha. Vijana wakaandika yote. Mtihani wakapita vizuri. Wakarudi nyumbani, wakafungua kompyuta ya kikundi. Kumbe programu iliyokuwa humo si ile niliyowafundisha! Ile yangu ilikuwa imeacha kuuzwa, na muuzaji aliwapa nyingine. Wale vijana wakakaa mbele ya kioo kama watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta.

Mweka hazina wao alinijia. Hakunigombeza. Alifungua daftari la kijana mmoja, limejaa majina ya vitufe kutoka mwanzo hadi mwisho, akaniuliza: "Mwalimu, humu ndani kazi yenyewe imeandikwa ukurasa gani?"

Sikuwa na la kujibu. Wazee wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hiyo ni kweli, lakini ni kweli kwa mtu aliyefundishwa uhunzi. Mimi nilikuwa nimewafundisha koleo tu.

Msifikiri jambo hili linawapata watu wa kijijini peke yao. Kazi hii imebadilika mara nyingi. Hapo zamani filamu ilikatwa kwa mkono na kuunganishwa kwa gundi au utepe. Zikaja kanda za video, ambapo ulinakili kipande baada ya kipande kutoka mashine moja hadi nyingine. Ukitaka kuongeza kitu katikati, mara nyingi ulilazimika kurudia kila kilichofuata. Mwaka wa 1989 kampuni ya Avid ya Marekani ilitoa mtambo wa kuhariri kwa kompyuta, lakini bei yake ilikuwa ya wakubwa. Mwaka wa 1999 kampuni ya Apple ikatoa Final Cut Pro, na watu wa pesa kidogo nao wakaweza kuingia. Hata Walter Murch, mhariri maarufu wa Hollywood, aliitumia kuhariri filamu ya Cold Mountain iliyotoka mwaka wa 2003. Shule nyingi zikaanza kuifundisha.

Halafu ikafika Juni 2011. Apple ikatoa Final Cut Pro X, kwa dola 299.99. Ilikuwa imeandikwa upya kabisa. Haikuweza kufungua kazi zilizofanywa na ile ya zamani. Njia ya kuhariri picha za kamera kadhaa kwa pamoja haikuwemo, ikaja kurudishwa Januari 2012. Na ile ya zamani ikaondolewa sokoni. Mafundi wa miaka mingi wakapiga kelele, wakaandika malalamiko, na wengi wakahamia programu nyingine. Fikirieni mwalimu aliyekuwa katikati ya muhula wakati huo! Afundishe ile inayokufa, au ile ambayo yeye mwenyewe haijui?

Haikuishia hapo. Mwaka wa 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake, Premiere ikiwemo, hayatauzwa mara moja ukamaliza. Utalipia kila mwezi au kila mwaka, kama kodi ya nyumba. Usipolipa, mlango unafungwa. Movie Maker, ile ya bure ambayo wengi wetu tulianzia kwenye Windows, iliondolewa Januari 2017. Siku hizi vijana wanahariri kwa simu, wakitumia CapCut. Hiyo ni ya kampuni ya China, ByteDance. Januari 2025 watu wa Marekani waliamka wakaikuta imefungwa kwa sababu ya sheria ya huko, halafu ikafunguliwa tena. Aliyekuwa na kazi ya mteja mkononi siku ile alijua kwamba koleo lile halikuwa lake.

Sasa, uhunzi wenyewe ni nini? Tazameni fundi wa nguo. Mpe cherehani ya mguu au ya umeme, nguo itakaa mwilini, kwa sababu anajua kupima na kukata. Kwa video ni vivyo hivyo. Kazi ni kuchagua. Umerudi na picha za saa sita za harusi, mwenye harusi anataka video ya saa moja. Ni nini kibaki? Nani aonekane kwanza? Bibi analia kwa furaha: utamkata baada ya muda gani? Hakuna kitufe kitakachokujibu hayo. Siku hizi kuna programu zinazoandika maneno ya msemaji zenyewe na kuondoa mahali aliponyamaza. Ni msaada mzuri. Lakini mzee akinyamaza kidogo katika matanga kabla ya kumtaja marehemu, ule unyamavu una maana kubwa. Mashine inaweza kuutupa. Wewe fundi ndiwe wa kuulinda.

Kwa hiyo siku hizi nafundisha hivi. Wiki ya kwanza hatugusi kompyuta. Tunatazama picha zote pamoja, na kila kijana anaandika kwenye karatasi: kipande hiki kinaanza dakika gani, kinaisha dakika gani, kinasema nini. Kisha anakata karatasi vipande vipande na kuvipanga mezani mpaka hadithi ieleweke. Anamweleza mwenzake. Mwenzake akipotea njiani, anapanga tena.

Wiki ya pili tunasikiliza sauti peke yake, kwa macho yaliyofumbwa. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno yasiposikika anaondoka. Hapo pia nawaonyesha kwamba unaweza kuanzisha sauti ya mahali panapofuata kabla picha yake haijatokea, ili mtazamaji avuke bila kushtuka.

Ndipo tunaingia kwenye kompyuta, na kazi ileile inafanywa kwa programu mbili tofauti. Simwambii kijana, "Bonyeza hapa." Namwambia, "Unataka kukata. Tafuta mkasi wa programu hii uko wapi." Mwanzoni wanalalamika, ati mwalimu ni mvivu. Baadaye mtu akikutana na programu ngeni anajua maswali ya kuuliza: naingizaje picha, nakataje, napangaje sauti, natoaje kazi iliyokwisha? Vitufe atavipata kwa siku chache.

Wale watano? Niliwaita warudi bila karo. Walikuja wawili. Wengine walikuwa wamekata tamaa na kutafuta vibarua, na sikuweza kuwalaumu. Hao wawili leo wanafanya kazi. Wale watatu mimi bado nawahesabu kama deni langu.

Sasa nirudi kwenye pesa zenu, na hapa waweka hazina wasikilize sana.

Kwanza, msilipe karo kabla ya kumuuliza mwalimu: "Programu hii ikiondoka kesho, mtoto wetu atabaki na nini?" Akikosa jibu, tafuteni mwingine.

Pili, anzeni na mlicho nacho. Simu nzuri moja na programu ya bure zatosha kujifunza kuchagua na kupanga. Kwenye kompyuta kuna DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design, ambayo ina toleo la bure, lakini inataka kompyuta yenye nguvu. Ijaribuni kwenye kompyuta ile kabla ya kuinunua.

Tatu, programu ya kulipia kila mwezi iingizwe kwenye hesabu kama gharama ya kila mwezi. Je, miezi isiyo na harusi mtailipa kwa nini?

Nne, tunzeni picha za asili. Kazi ikiisha, itoeni katika faili ya kawaida ya video, kama MP4, maana faili ya kazi ambayo haijatolewa hufunguka kwa programu yake tu. Wekeni nakala kwenye diski mbili, na moja ilale nyumba nyingine. Diski zote zikikaa mezani pamoja, mwizi mmoja atazibeba zote.

Ndugu zangu, sisemi msiwasomeshe vijana. Wasomesheni. Lakini daftari likirudi nyumbani, lifungueni, kama yule mama alivyofanya, mtazame kama kazi imeandikwa humo.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika kazi ya kikundi chetu, koleo ni lipi na uhunzi ni upi?

2. Je, kuna kifaa au programu tunayoitegemea ambayo mtu mwingine anaweza kuifunga? Tutafanya nini ikifungwa?

3. Tukimpeleka kijana kusoma, tutajuaje kwamba amefundishwa kazi, si vitufe tu?